Mpango wa Mradi Si Msahafu

Barabara nyingi za wilaya zetu zina mabango ya chuma yenye miguu miwili. Juu pameandikwa jina la mradi, chini jina la mfadhili, na pembeni mwaka wa kuanza. Mwaka wa kumalizika mara nyingi haukuandikwa, na ukiwauliza wenyeji mradi umefikia wapi, watakuonyesha bango lenyewe. Katika kazi hii ya utangazaji nimehudhuria sherehe za uzinduzi nisizoweza kuzihesabu: ngoma inapigwa, utepe unakatwa, mgeni rasmi anahutubia. Sherehe za kufunga mradi, za kuwaeleza wananchi kilichopatikana na kilichoshindikana, nazikumbuka chache mno.

Kwa hiyo juma hili, ndugu msomaji, nimeona tuzungumze juu ya namna miradi inavyopangwa na inavyoendeshwa. Jambo hili huonekana kuwa la wataalamu wenye mikoba, lakini linamhusu hata mama lishe wa kituo cha mabasi. Fedha za miradi ama ni kodi yake, ama ni deni la wajukuu zake, ama ni msaada ulioombwa kwa jina lake.

Mfano wangu mkubwa nitauchukua pwani ya Tanga, katika maji ya Ushongo. Asiyefika Ushongo, njia yake ni kutoka Pangani mjini, kuvuka mto mpaka Bweni, kisha kushika njia ya kusini kupita mikonge na minazi hadi ufukweni. Ni kijiji cha wavuvi, chenye hoteli kadhaa za watalii, na mbele yake baharini kuna Maziwe. Lakini kabla hatujavuka mto, tuelewane kwanza juu ya njia zenyewe za kupanga.

Ya kwanza ni njia ya mhandisi. Unaamua kila kitu mwanzoni: unataka nini, kwa gharama gani, kwa muda gani, kazi ipi ianze na ipi ifuate. Mmarekani Henry Gantt alijulikana tangu miaka ya 1910 kwa michoro ya mistari inayoonyesha kila kazi inaanza lini na kuisha lini. Michoro hiyo bado imebandikwa katika ofisi nyingi za ujenzi. Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ilibuni hesabu ya kutafuta mlolongo wa kazi ambao ukichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likawa na hesabu inayofanana na hiyo kwa ajili ya makombora ya Polaris. Mtu asizidharau hesabu hizi. Ukijenga daraja huwezi kuweka sakafu kabla ya nguzo, na saruji ikichelewa bandarini, fundi analipwa kwa kukaa kivulini.

Tatizo la njia hii hutokea pale tusipojua tunachokwenda kukikuta. Sisi Watanzania tunao mfano unaofundishwa hata katika vyuo vya Ulaya, nao ni mpango wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 walituma ujumbe uliozunguka kwa muda wa wiki tisa na kupendekeza kusafishwa kwa ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa hazikufika 10,000. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu kama tofali, na mvua haikufuata ratiba ya London. Mpango ulivunjwa mapema mwaka 1951, ukiwa umemeza pauni zinazokadiriwa kuwa milioni 36.

Wengi husema mpango wa karanga ulishindwa kwa kukosa mpango. Sikubaliani nao. Mpango ulikuwepo, tena mnene, wenye namba mpaka za mashamba na za wafanyakazi. Kilichokosekana ni shamba dogo la majaribio, na mtu mwenye mamlaka ya kusema msimu wa kwanza umetufundisha jambo, tusimame. Walioijua Kongwa na mvua yake hawakuwa na kiti mezani.

Njia ya pili ilikuja kutibu ugonjwa huo. Mwaka 1969 wataalamu walioajiriwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, walitengeneza jedwali ambalo baadaye wafadhili karibu wote walilichukua. Maofisa wetu huliita bangokitita. Ukiliona karatasini linatisha, lakini kiini chake ni chepesi. Safu ya kwanza inasema tutafanya nini, kazi hizo zitazaa nini, matunda hayo yataleta mabadiliko gani, na mabadiliko yatasaidia lengo gani kubwa. Safu ya pili inasema tutapima vipi. Ya tatu inasema ushahidi wa kipimo utatoka wapi. Ya nne na ya mwisho inaandikwa mambo ambayo mradi hauna uwezo nayo lakini unayategemea: mvua inyeshe, bei isianguke, serikali ilete walimu, mahakama ifanye kazi yake.

Mkoa wa Tanga unaujua utamaduni huu vizuri. Wajerumani waliusaidia mkoa kwa mpango wa maendeleo vijijini ulioitwa TIRDEP tangu mwaka 1972, na shirika lao la GTZ katika miaka ya 1980 lilikuwa na mtindo wake wa kupanga, ZOPP. Mtindo huo ulimfanya kila mshiriki aandike tatizo moja katika kadi ya rangi, kadi zibandikwe ukutani juu ya karatasi la kahawia, zipangwe mpaka zitokee kama mti: mizizi ikiwa sababu, matawi yakiwa madhara. Mtumishi wa serikali wa enzi zile ambaye hajawahi kubandika kadi, basi hakwenda semina. Mimi nauona kuwa mtindo mzuri, kwa sababu mwenye sauti ndogo naye kadi yake inabandikwa sawa na ya bwana mkubwa. Ila baada ya semina kadi huingizwa kwenye jedwali, jedwali huwa mkataba, na mkataba hugeuka msahafu. Meneja anapimwa kwa kutimiza kilichoandikwa, hata kama kilichoandikwa kimepitwa na wakati.

Na ile safu ya nne? Nimesoma majedwali mengi. Safu ya nne hujazwa jioni, watu wakiwa wamechoka na gari la kurudi mjini likiwa limeshawashwa moto. Nakuomba uikumbuke safu hiyo, kwa maana tutaikuta tena baharini.

Sasa tuvuke mto. Mapema miaka ya 1990 bahari ya Tanga ilikuwa katika hali mbaya. Uvuvi wa baruti ulikuwa umezoeleka kiasi kwamba mlipuko ulikuwa sauti ya kawaida ya asubuhi. Baruti ikilipuka majini, mshindo wake hupasua kibofu cha hewa cha samaki. Wachache huelea, wengi huzama wakaoza. Matumbawe yaliyojengeka kwa miaka mingi huvunjika kuwa kokoto, na juu ya kokoto zinazosogezwa na mawimbi, matumbawe machanga hayawezi kushika. Mvuvi wa baruti anavuna mara moja kitoweo cha mtu ambaye bado hajazaliwa. Yeye mwenyewe naye mara nyingine hupoteza mkono au macho. Pamoja na hayo kulikuwa na nyavu za kukokota zinazozoa hata vidagaa vya juzi, na mikoko iliyokuwa ikikatwa ovyo.

Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, ukihusisha Manispaa ya Tanga na wilaya za Pangani na Muheza. Wakati huo Mkinga ilikuwa bado ndani ya Muheza. Fedha zilitolewa na serikali ya Ireland, na ushauri wa kitaalamu ukatoka IUCN, Shirika la Uhifadhi Duniani. Hapa ndipo tunaikuta njia ya tatu.

Mpango huo ulikwenda kwa awamu za miaka michache michache, na kazi za awali zilikuwa kuuliza: matumbawe yako katika hali gani, watu wanaishi kwa nini, nani anavua wapi na kwa chombo gani. Ukaanza na vijiji vichache vya majaribio, kama Kigombe na Kipumbwi. Wanakijiji wakachora ramani zao wenyewe, wakapanga matatizo kwa uzito, wakaandika makubaliano. Kila makubaliano yaliwekewa muda wa kukaa tena kitako na kuulizana: tulichokubaliana kimefanya kazi? Kama hakikufanya, tubadili nini? Wanakijiji wengine walifundishwa kupiga mbizi na kuhesabu samaki na matumbawe, ili jibu lisitoke kwa mgeni peke yake.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalihusu mipaka yenyewe. Mwanzo kazi ilikwenda kijiji kwa kijiji, maana ndivyo utawala wetu ulivyo. Lakini mwamba wa bahari haujui mpaka wa kijiji. Mkiufunga mwamba nyinyi wa kijiji hiki, wa kijiji cha pili anakuja kuvua humo, na wenu wanaona wamefanywa wajinga. Mpango ung'ang'anie karatasi yake? Haukung'ang'ania. Vijiji vinavyovua pamoja vikaunganishwa katika maeneo ya usimamizi wa pamoja, yakawa sita kutoka mpaka wa Kenya kuja kusini: Boma–Mahandakini, Deepsea–Boma, Mwarongo–Sahare, Mtang'ata, Boza–Sange na Mkwaja–Buyuni. Ushongo imo katika Boza–Sange, na mwamba wa Maziwe ukawa miongoni mwa iliyofungwa isivuliwe.

Waandishi wa programu za kompyuta walilifikia jambo hilo kwa njia yao. Mwaka 2001 watu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah huko Marekani, wakatoa tamko dhidi ya mipango mirefu isiyobadilika. Walitaka kazi ifanywe vipande vifupi, kila kipande kikaguliwe na mwenye kukitumia, na kuitikia mabadiliko kupewe uzito kuliko kufuata mpango. Wanaiita ajaili, na siku hizi vijana wa mjini wanalipa ada kubwa kuisomea. Sisemi waliiga Kipumbwi. Nasema mvuvi hangeshangazwa nayo. Nahodha anaijua bandari anayokwenda, lakini ni mara ngapi atageuza tanga hilo ataliambiwa na upepo.

Njia hii ina hila zake vilevile. Mvivu huipenda, kwa kuwa anaweza kusema tutabadili mbele ya safari huku hakuandika popote alikoanzia. Pasipo kumbukumbu, kujifunza ni neno la semina tu. Na ushirikishwaji unaweza kuwa wa karatasi ya mahudhurio: watu wanaitwa, wanasaini, wanapokea posho, wanakwenda. Mfumo wetu wa kupanga vijijini kwa Fursa na Vikwazo vya Maendeleo, ulioanza kutumika miaka ya mwanzo ya 2000, ulikuwa na nia safi. Lakini mara nyingi vijiji viliandika orodha ndefu ya mahitaji, na ukomo wa bajeti ukashuka kutoka juu bila kuijali orodha. Mwananchi aliyekaa siku kadhaa akipanga, kisha asione hata kimoja, mkutano wa pili humpati.

Tena kuna suala la nani hasa anashirikishwa. Chukua mfano wa mwamba ulio karibu na nchi. Maji yakipwa, wanaotembea juu yake kutafuta pweza na chaza, wengi wao ni wanawake. Mkiufunga, hasara ya kwanza iko jikoni kwao. Ukiitisha mkutano saa ya maji kupwa siku za bamvua, wanawake hao hawatakuwepo, na wanaume watapitisha kwa kauli moja kuufunga mwamba usio wao. Ratiba ya mkutano ni sehemu ya mpango, ingawa sijawahi kuiona kwenye bangokitita.

Ratiba ya fedha nayo ni hivyo hivyo. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Pwani, Julai ni kusi, bahari imechafuka. Mpaka idhini ipatikane, zabuni zipite na fedha ziteremke wilayani, miezi ya bahari shwari ya kaskazi imeshaingia na pengine inakaribia kwisha. Mashua ya doria iliyopangwa kwa kalenda ya hazina itakaa ufukweni wakati wa maji matulivu, na mafuta yake yatafika upepo ukigeuka. Jambo hili mzee yeyote wa Ushongo angelisema bila kulipwa chochote.

Turudi kwenye matokeo. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 milipuko ilipungua sana Tanga. Doria zilikuwa za pamoja, wanakijiji na vyombo vya dola katika mashua moja, na baadhi ya miamba iliyofungwa ilianza kupata nafuu. Wageni wakaja kujifunza. Halafu, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, baruti ikarudi. Ireland ilimaliza ufadhili wake mwaka 2007, na katika miaka iliyofuata milipuko ilikuwa ikisikika pwani ndefu ya Tanzania, Tanga ikiwa mojawapo ya sehemu zilizoathirika zaidi.

Nini kiliharibika? Mikutano haikuwa kiini cha tatizo. Baruti inatoka nje ya kijiji, katika machimbo na kwa wanaochanganya wenyewe mbolea na mafuta. Mkamatwaji anapelekwa polisi, kutoka hapo mahakamani, na akitozwa faini ndogo anarudi kesho yake akiwa na hasira na majina ya waliomtaja. Mwanakijiji anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwake atatoa ushahidi mara ngapi? Mafuta ya mashua yanahitaji fedha kila mwezi, siyo kila awamu. Mambo yote hayo yalikuwa mikononi mwa watu ambao hawakukaa katika mikutano ya Kigombe wala Kipumbwi. Yalikuwa, kwa lugha ya jedwali, katika safu ya nne. Serikali ilipounda kikosi kazi cha vyombo mbalimbali mwaka 2015 na msako ukazidishwa miaka iliyofuata, milipuko ilishuka tena, na kwa kasi. Maana yake wanavijiji walikuwa wamefanya sehemu yao. Iliyokuwa imepwaya ni sehemu ya wengine.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mpango wa Tanga ulikufa na fedha za Ireland. Vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe, vinavyojulikana kwa kifupi cha BMU, viliposambazwa pwani baada ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, havikuwa jambo geni kwa watu waliokwisha kuwa na kamati za mwamba. Nalaumu jambo moja. Kamati zilipewa haki ya kubadili mpango wa mwamba wao, lakini hazikupewa njia ya kubadili lolote lililokuwa likiamuliwa wilayani, mkoani na mahakamani. Mpango ulijifunza chini, juu ukabaki vilevile.

Kwenye maji hayo hayo ya Ushongo iko kazi ndogo inayonifurahisha kuliko ripoti nyingi. Maziwe zamani ilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walipanda huko kutaga kwa wingi. Miti iliisha mwishoni mwa miaka ya 1970, mchanga ukahama, na leo Maziwe ni fungu linalofunikwa na maji makuu ya bamvua. Ni hifadhi ya serikali, lakini kasa hajui kama nyumba imebomoka. Anarudi kutaga palepale, na maji yakipanda mayai yanakufa. Kanuni ya kawaida ya uhifadhi ni kutogusa kiota. Ungefuata kanuni kama msahafu, ungeulinda mchanga vizuri na kupoteza kila yai.

Kwa hiyo shirika la Sea Sense na watu wa Ushongo waliofundishwa kazi hiyo wamekuwa wakiyahamisha mayai kwa mashua hadi ufukwe wa Ushongo na kuyafukia juu ya mpaka wa maji makuu. Yai la kasa likishatulia mchangani halitaki kupinduliwa, hivyo huchukuliwa mapema na kwa mkono mwangalifu. Kiota kimoja huwa na mayai mia moja na zaidi. Huandikwa tarehe, mahali na idadi, kisha husubiriwa siku zipatazo 60. Watalii hulipa kuja kuona vitoto vikiteremka majini, na malipo hayo husaidia kuendesha kazi. Vitoto vikishaondoka, kiota hufukuliwa: maganda matupu yanahesabiwa, mayai yaliyoharibika yanawekwa kando na kuhesabiwa pia, namba zote mbili zinaandikwa daftarini, na ndipo huangaliwa kama kiota kijacho kichimbwe hapo hapo au kisogezwe.